Blanketi Katikati

Siku Mwalimu Masinde alipoingia darasani kwa mara ya kwanza, watu wawili walitoka mbio. Wa kwanza alikuwa Mama Edah, aliyekuwa ameketi dawati la mbele kabisa, kalamu mkononi, daftari limefunikwa kwa gazeti kama la mtoto wa shule. Wa pili alikuwa Mwalimu Masinde mwenyewe. Mama alishika mlango wa kulia, mwalimu akashika wa kushoto, na wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la watu wazima wakabaki wakitazamana katika ukumbi wa kanisa pale Iguhu, mbele yao ubao mtupu.

Usiwacheke upesi. Protus Masinde ni mume wa Edah, na Edah ni kifungua mimba wa Zipporah Mideva, ambaye ndiye huyo Mama Edah. Kwetu, mama na mume wa bintiye hawapeani mkono. Hawali meza moja, hawaitani majina, na wakikutana kwenye kijia mmoja wao huingia shambani mwa watu akajifanya anachuma mboga. Hiyo ndiyo heshima ya ukwe. Katika ukoo wa kina Zipporah kuna siku heshima hiyo hupunguzwa makali: mkwe humletea mama blanketi, na mama akilichukua mbele ya watu, basi angalau wanaweza kusalimiana kwa mbali bila mtu kukimbilia kwenye mahindi.

Blanketi hilo Zipporah alikuwa amelikataa mara mbili.

Edah alikuwa chuo kikuu mjini Kakamega, mwaka wa pili, akisomea ualimu, aliposhika mimba ya kijana wa Lugari waliyekuwa wakisoma pamoja. Maji yakimwagika hayazoleki. Binti akaacha masomo akaenda kukaa na kijana. Kijana akaendelea, akamaliza, akavaa joho akapigwa picha. Zipporah mwenyewe aliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba ya Edah huyo huyo, na alikuwa ameshona nguo za watu miaka ishirini ili binti asipite njia aliyopita yeye. Ile picha ya joho aliionea kwenye simu ya jirani. Hakulia, hakupiga kelele. Alitwaa ufagio akafagia uwanja wake tangu adhuhuri mpaka ng'ombe wakarudi. Kuanzia siku hiyo alimwita mume wa bintiye "huyo mtu wa Lugari", na Edah alipoleta blanketi la mumewe, Zipporah alilirudisha likiwa ndani ya mfuko wake wa nailoni, haukufunguliwa hata kidogo.

"Mwambie sichukui," alisema.

Mwaka uliofuata likaja tena, likarudi tena. Kwa hiyo heshima ya ukwe ilikuwa imemfaa sana Zipporah. Ilimruhusu kukasirika miaka minne bila mtu yeyote kumuuliza sababu.

Sasa, mwezi wa Juni, heshima ilimgeukia. Pale kijijini palikuwa na chuo kidogo cha ufundi kilichotafuta mwalimu wa ushonaji, na mkuu wake alikuwa amemwambia waziwazi: nenda chuo cha Sigalagala ukasomee, urudi na karatasi, kazi ni yako. Sigalagala nao walitaka cheti cha kidato cha nne. Hesabu Zipporah aliiweza, maana fundi cherehani hawezi kuwa mjinga wa hesabu. Kiswahili alikipenda. Kiingereza ndicho kilichomkaba. Bila Kiingereza hakuna cheti, na bila cheti angezeeka akipunguza suruali za watu katika kibanda kinachovuja. Mtihani ulikuwa Novemba, mwalimu wa zamani, Madamu Jepkorir, alikuwa amehamishwa, na aliyeletwa mahali pake ndiye huyo mtu wa Lugari.

Aliyewapatanisha na ubao alikuwa Mzee Osundwa, mlinzi mstaafu wa kiwanda cha sukari, mwenye miaka sitini na mitatu na meno ya kutosha kucheka nayo. Alimfuata Zipporah mpaka kibandani.

"Mama Edah, unataka mtihani ama unataka kukasirika? Mwaka huu mmoja hautoshi vyote viwili."

"Siwezi kukaa mbele ya huyo mtu, mzee. Nitamwangaliaje? Nikiinua mkono ananiitaje?"

"Hakuna mtu amesema ukae mbele. Kaa na sufuria."

Alimaanisha stoo ya kanisa. Ilikuwa imeshikana na ukumbi, imetengwa kwa ukuta wa mbao, na katikati ya ukuta palikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula siku za sherehe. Ndani mlikuwa na sufuria za harusi, ngoma mbili na magunia ya sahani. Jumanne iliyofuata Zipporah aliingia humo kwa mlango wa nyuma, akageuza sufuria kubwa kifudifudi, akaikalia. Kidirisha kilifungwa kwa kitambaa. Mwalimu akaingia kwa mlango wa mbele, akakohoa, akaanza kufundisha kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, uso ameuelekeza upande wa madirisha ya barabarani. Osundwa aliketi karibu na kidirisha. Alinakili kilichoandikwa ubaoni, akapitisha daftari chini ya kitambaa, na kila swali la Zipporah lilipitia kinywani mwake. Tatizo la mzee yule ni kwamba neno halikutoka kinywani mwake kama lilivyoingia masikioni.

"Mwambie anaongea kama mtu anayekimbizwa na nyuki," Zipporah alinong'ona siku hiyo ya kwanza.

"Mwalimu," alisema Osundwa, "huku tunaomba polepole kidogo. Tunafurahia sana."

Hivyo ndivyo walivyosoma. Juni ikaisha, Julai ikaingia na mvua zake za alasiri. Zipporah alikuwa amejiandaa kumdharau mwalimu, na alikasirika zaidi alipogundua kwamba mwalimu anajua kufundisha. Hakumcheka mtu. Aliyekosea aliambiwa, "Karibu, umekaribia," na kosa likarekebishwa kama nguo iliyopishana kidogo tu kwenye mshono.

Siku ya neno take ilikuwa Alhamisi. Mwalimu aliliandika peke yake katikati ya ubao, na kwa saa nzima hakuandika kingine.

"Hili ni neno dogo," alisema, "na ndilo litakalowatesa. Mwingereza anywapo chai, ni take. Amezapo dawa, take. Apigapo picha, aapapo kortini, akaapo kitini, afanyapo mtihani, ashikapo njia ya kwenda Khwisero, ni hilo hilo. Sisi kila kazi tumeipa chombo chake. Yeye ana jembe moja, analima nalo, anachimbia choo nalo, na akichoka analiegemea."

Watu walicheka. Nyuma ya ukuta Zipporah alifunga mdomo kwa mkono.

"Na tena si lake," mwalimu aliendelea. Sasa alikuwa amechangamka. Ilisikika kuwa jambo hilo alilipenda. "Zamani Waingereza walikuwa na neno lao jingine kabisa la kuchukua. Wakaja watu wa kaskazini kwa mashua, wakawapora, halafu wakahamia wakakaa, wakaoana nao. Hao ndio walioleta hili. Kwao lilikuwa taka."

"Taka?" alidakia Osundwa. "Basi hao walitaka, wakachukua!"

"Limefanana tu kwa bahati, mzee. Lakini watu wa pale waliacha neno lao wakashika la hao waliowapora. Likawa lao mpaka leo."

Osundwa alitikisa kichwa. "Kumbe hata kuchukua walichukua. Na wakaja wakachukua Lugari yote na neno si lao! Mwalimu, hao watu hawana haya."

Kicheko kilijaa ukumbi. Mwalimu, ambaye babu yake alikatiwa ekari zake kwenye lile lililokuwa shamba la Mzungu, alicheka kuliko wote. Kisha alisema kwa sauti ya chini kidogo kwamba wanaochunguza maneno wanadhani hapo mwanzo kabisa huenda neno hilo halikuwa hata kuchukua. Huenda lilikuwa kugusa tu. Mtu aliguswa kwanza, ndipo akashikwa, ndipo akaondoka na aliyemshika.

Hapo macho yote yaligeukia kidirisha, kwa maana kila mtu alijua ni nani aliyeketi juu ya sufuria.

Mwalimu alikohoa. "Kuna take after," alisema. "Maana yake ni kufanana na mtu wa ukoo wako. Si sura tu, hata tabia. Nitawapa mfano. Nyumbani nina mtoto wa miaka mitatu, Mitchel. Mitchel amefanana na nyanya yake, mzaa mama. Akikasirika halii, hapigi kelele. Anatafuta ufagio. Anafagia mahali hapo hapo, tena na tena, na ukimsemesha hakujibu mpaka amalize."

Zipporah aliacha kuandika. Mtoto huyo alikuwa amemwona mara mbili tu, kwa mbali, mgongoni mwa Edah sokoni, kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi. Hakujua chochote juu yake. Kumbe alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ni yake Zipporah, imepita tumboni mwa Edah ikatokea upande wa pili ikiwa na ufagio. Aligonga mbao kwa kalamu, mzee akainama.

"Mwambie sijasikia vizuri," alinong'ona. "Hapo kwa mtoto. Arudie."

Alikuwa amesikia kila neno. Mwalimu alirudia yote, polepole, hata ufagio alieleza ulivyo mfupi.

Kazi ya nyumbani ilikuwa sentensi kumi zenye neno hilo. Zipporah aliziandikia kibandani, juu ya meza ya cherehani. Tisa zilikuwa za adabu: ninakunywa chai, ninameza dawa, ninapanda gari la Kakamega. Ya kumi ilimkataa. Aliiandika, akaifuta, akaiandika tena kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Kwa Kiingereza chake alichokipigania aliandika kwamba wewe ulimtoa binti yangu shuleni na hukumrudisha. Halafu, kabla moyo haujamgeuka, akampa Osundwa daftari.

Jumanne lilirudi. Tisa zilikuwa na alama ya vema, na mbili kati ya hizo zimerekebishwa. Ya kumi nayo ilikuwa na vema, kubwa kuliko nyingine, na chini yake, kwa Kiswahili, maneno manne kwa wino mwekundu: *Ni sahihi. Ni kweli.*

Zipporah alisoma maneno hayo mara nyingi kuliko alivyosoma kitu chochote mwaka ule. Alikuwa amejitayarishia ugomvi. Alikuwa na majibu ya kila kisingizio. Kukubaliwa hakujua akuweke wapi.

Hakuna aliyemwambia lililofuata. Alilisikia Septemba kwa muuza mboga, Naliaka, mwanamke ambaye habari haziozi kwake.

"Hongera, Mama Edah. Nimeona binti na begi lake, amerudi chuo. Na bwana yake anabakinga na mtoto jioni. Juzi nimempata anafua nepi kwa mfereji na wanaume wanamcheka."

"Mtoto wa miaka mitatu na nepi?"

"Basi zilikuwa kaptula. Mimi nasema nilivyoona."

Zipporah alilipa sukuma wiki yake akaenda zake. Pale njiani alitabasamu peke yake, kisha akakasirika kwa kutabasamu. Kusema kweli, kufikia hapo hasira ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa mazoea ya kuwa na hasira, na hayo ndiyo magumu kuyaacha, kwa sababu mtu akiyaacha watu watauliza: miaka minne yote hiyo ilikuwa ya nini?

Mtihani wa Kiingereza ulikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi, katika shule ya sekondari iliyoko ng'ambo ya mto Yala. Kwa miguu ni robo saa: unateremka, unavuka kidaraja cha mbao, unapanda. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha ya kulipiza kisasi. Saa kumi na mbili na nusu Zipporah alikuwa amevaa sketi yake ya kanisa na kujifunga kitambaa, simu ikalia. Alikuwa Mzee Osundwa, ambaye naye alikuwa mtahiniwa, na ambaye kwa woga wake alikuwa amelala kwa mpwa wake ng'ambo.

"Mama, kidaraja hakuna. Kimeenda."

"Kimeenda wapi?"

"Kisumu! Mimi nitajuaje? Zunguka na barabara, chukua boda, fanya haraka."

Kuzunguka kwa barabara ni kilomita kumi na mbili. Zipporah alikimbia mpaka stendi ya boda akakuta matope na mbwa. Wiki hiyo mwenzao mmoja alikuwa amefariki, na asubuhi hiyo waendeshaji wote, kama ilivyo ada yao, walikuwa wameondoka kwa msafara kwenda kuutoa mwili mochari. Hakubaki hata mmoja. Magari ya njia hiyo huja saa mbili, yakipenda. Mwenye kuchelewa nusu saa haingii chumbani, na anayekosa karatasi hiyo hana cheti.

Alirudi nyumbani amelowa mpaka magotini, akasimama uani asijue afanye nini. Ndipo alipoisikia pikipiki.

Haikuingia uani. Ilisimama nje ya ua wa michongoma, hatua kama ishirini, na aliyekuwa juu yake alishuka akaupa mlango mgongo. Zipporah aliujua mgongo ule, ingawa kwa miezi mitano alikuwa amemjua mwenyewe kwa sauti tu. Alipiga simu.

"Mzee, huyo mtu yuko hapa."

"Mimi ndiye nimemwita."

"Mwambie siwezi kupanda pikipiki yake. Nitamshika wapi? Watu watasema nini?"

Simu ikakatika. Hatua ishirini mbele yake, simu ya mkwe ikalia, akasikiliza, akasema jambo, akakata. Ya Zipporah ikalia.

"Anasema anakuelewa na anakuheshimu sana," alisema Osundwa akiwa ng'ambo ya mto, akihema. "Anasema pia ni saa moja na dakika tano."

"Mwambie najua saa ni ngapi!"

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Mwambie..." Lakini hapo simu ya mzee ilikatika. Alingoja. Akapiga, akaambiwa mteja hapatikani. Betri ya mzee, kama meno yake, ilikuwa na kikomo chake.

Basi wakabaki wawili peke yao, ua katikati, bila mtu wa kuwabebea maneno. Zipporah aliona miaka yake yote ya cherehani ikielea mtoni na zile mbao za daraja. Akataka kusema kitu, akakumbuka kwamba haruhusiwi, na machozi yaliyomkataa miaka minne yakaanza kumjia wakati usiofaa kabisa.

Mkwe alifungua sanduku la nyuma la pikipiki. Akatoa kitu ndani ya mfuko wa nailoni, akakiweka katikati ya kiti kirefu, akakifunga kwa mpira. Kisha akasema, na hakumsemesha Zipporah. Aliusemesha ua.

"Ewe michongoma," alisema, sauti ile ile ya darasani. "Kiti hiki kina nafasi ya watu wawili na blanketi katikati. Mimi nitaangalia mbele. Anayependa anaweza kupanda akaangalia nyuma, ashike chuma cha sanduku. Hakuna atakayemwona mwenzake. Na simwambii mtu achukue blanketi. Leo ni ukuta tu, kama ule wa stoo."

Zipporah aliutazama ua. Alipanguza macho kwa ncha ya kitambaa.

"Ewe michongoma," alijibu, "aende polepole kwenye kona."

Alipanda kinyume. Alitoka Iguhu hivyo, mama wa miaka arobaini na miwili katika sketi ya kanisa, amempa mkwe mgongo, mikono miwili imekamata chuma cha sanduku, miguu inaning'inia, kalamu mbili zimechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa. Barabara ilikimbia kutoka chini yake badala ya kumjia. Trekta la miwa lilipowapisha, wakataji waliokuwa juu yake walisimama wote wamtazame. Sokoni Naliaka aliacha mboga zake.

"Mama Edah! Punda amekushinda kugeuza?"

"Naenda mtihani!" alijibu Zipporah, na kwa kuwa alikuwa ameelekea nyuma, aliendelea kumwona Naliaka akicheka kwa muda mrefu.

Blanketi lilikuwa limemkaa mgongoni. Mwanzoni alijiinamisha mbele asiliguse. Lakini barabara ile ina mashimo, na kila shimo lilimrudisha, na baada ya shimo la kumi alichoka akaegemea. Lilikuwa nene, tena lilikuwa na joto. Alilihisi jinsi lilivyo zito na akajua, kama mtu anayejua vitambaa, kwamba halikununuliwa na mtu aliyetaka tu kumaliza desturi.

Karibu na kona ya barabara kuu walipita nyumba ya kupanga yenye lango la bluu. Mtu anayetazama mbele angeiona na kuipita. Zipporah aliiona ikishapita, na kwa hiyo ilibaki naye. Edah alikuwa langoni na begi la chuo begani, ameshika kichwa kwa mikono miwili, haamini macho yake. Chini yake, kwenye matope, alikuwa mtoto mdogo aliyekatazwa kupanda pikipiki ya baba yake. Hakulia. Alikuwa na ufagio mfupi, ameinama, anafagia tope lile lile mahali pale pale, na mdomo ameubana. Zipporah aliujua mdomo ule. Kila asubuhi alikutana nao kwenye kioo.

Aliachilia chuma kwa mkono mmoja, jambo la hatari, akapunga. Mtoto aliinua uso akamtazama yule mama anayeondoka kinyumenyume. Hakupunga. Aliendelea kufagia, na Zipporah akacheka na kulia mpaka kona ikawaficha.

Waliingia shuleni saa mbili kasoro dakika sita.

Nisikutese: alipita. Matokeo yalipotoka alipata alama ya kutosha kwa Sigalagala na ikabaki. Lakini neno take, baada ya mahangaiko yote hayo, halikuulizwa hata mara moja katika karatasi zote mbili za siku hiyo.

Saa saba na nusu watahiniwa walitoka. Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Nje ya lango palikuwa na wauza mahindi, wazazi na walimu, na wengine walikuwa wamekwisha kusikia habari ya mama aliyekuja kinyume, kwa hiyo walikuwa wanamngoja. Pikipiki ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mkwe alikuwa amesimama kando yake, ameipa shule mgongo, analitazama shamba la chai kwa makini ya mtu anayetaka kulinunua. Juu ya kiti blanketi lilikuwa bado limefungwa kwa mpira.

Zipporah alivuka. Watu walimpisha. Alifungua ule mpira, akautoa mfuko wa nailoni, na kwa mara ya kwanza akaliona blanketi lenyewe: rangi ya kahawia, mistari miwili myekundu, kingo zimeshonwa vizuri kuliko alivyotarajia. Alilikunjua lote pale barabarani, mbele ya wauza mahindi. Akajifunika mabegani, akavuta ncha zikakutana kifuani.

Mwanamke mmoja alipiga vigelegele. Mgongo wa mkwe haukugeuka, lakini ulisimama wima.

"Mzee Osundwa," aliita Zipporah.

Mzee alikuja mbio, kalamu bado sikioni.

"Mwambie mkwe wangu blanketi nimelichukua. Na mwambie Jumapili waje na mtoto. Na ufagio wake."

Osundwa aligeuka kumwelekea mkwe. Safari hii hakuona la kupunguza wala la kuongeza. Alisogea hatua mbili, akamfikishia mwalimu maneno yale kama yalivyo, neno kwa neno, na mkwe akayasikiliza kichwa kimeinama. Kutoka kwa mama mpaka kwake hazikuwa hatua saba.

"Mzee," alisema mkwe, "sijasikia vizuri. Hebu mwambie arudie."

Zipporah, aliyejua kabisa kwamba mtu huyo amesikia, akarudia.